Goti la László: Maisha ya Mzee Ferenc Bodnár

Baba Padre, ndugu, majirani wa Mtaa wa Consaul, wazee wa kiwanda cha vioo na wanasoka wa zamani mliokuja na fimbo zenu za kutembelea, familia imenituma mimi, mkwe wa marehemu, niwasomee maisha yake, nami nimeiandika karatasi hii mara tatu na kuichana mara mbili, kwa sababu zile mbili za kwanza zilikuwa na uongo ndani yake.

Marehemu Ferenc Bodnár, ambaye hapa Toledo tulimwita Mzee Feri, alizaliwa tarehe 3 Machi 1931 katika mji wa Győr, nchini Hungaria, akiwa mtoto wa tatu wa fundi reli Mátyás Bodnár na mkewe Teréz, akasoma shule ya parokia kuanzia mwaka 1937 hadi 1945, huku vita vikiyakatiza masomo yake mara mbili, kisha akaingia shule ya ufundi ya kiwanda cha mabehewa na kuhitimu Juni 1949, na huko ndiko alikochezea timu ya kiwanda, beki wa kulia mwenye mbio sana, mbio ambazo mwenyewe alisema zilitokana na kuogopa kukanyagwa.

Tarehe 6 Juni 1953 alifunga ndoa na marehemu mama yetu Margit, wakajaliwa binti, Ilona, aliyezaliwa tarehe 9 Agosti 1954, na baadaye, wakiwa tayari hapa Toledo, mwana wao István, aliyezaliwa tarehe 20 Aprili 1959. Asubuhi ya tarehe 17 Novemba 1956, mizinga ya Warusi waliozima uasi wetu ikiwa imekwisha kunyamaza na watu wakiwa wanakamatwa nyumba kwa nyumba, walivuka mpaka wa Austria kwa miguu kwenye ukungu, wamempa Ilona dawa ya usingizi ili asilie karibu na askari, na mtoto yule hakuamka mpaka jioni, wakiwa upande wa pili kwenye ghala la nyasi, baba yake akimwekea kioo kidogo puani kila baada ya dakika chache aone kama bado anapumua. Mzee Feri alisema hofu ilimwingia siku ile, na mimi niliyeishi naye miaka ishirini na minane nawathibitishia kwamba haikumtoka.

Walifika Marekani Januari 1957 na hapa Toledo mwezi Machi mwaka huohuo, akaajiriwa kiwanda cha vioo kwenye tanuri namba mbili, akakaa hapo miaka kumi na sita, na siku za Jumapili baada ya misa akawafundisha kandanda watoto wa parokia katika kiwanja cha nyuma ya kanisa, mpaka mwaka 1973 alipofuatwa na Bwana Dale Hutchens, mwuza magodoro, aliyekuwa ameanzisha klabu ya kulipwa ya Toledo Lanterns bila kujua kwamba mpira huo hauguswi kwa mkono. Bwana Hutchens aliamini kwamba Wamarekani hawatajaza uwanja kutazama Wamarekani wenzao wakijifunza, akataka watu wa ng'ambo, wachezaji na kocha, na kadiri majina yao yalivyokuwa magumu kutamka ndivyo alivyofurahi zaidi, kwa hiyo Mzee Feri akaacha tanuri na kuwa wakala wa kutafuta wageni, akamleta kocha Percy Oldroyd kutoka Yorkshire, ndugu wawili kutoka Trinidad na golikipa kutoka visiwa vya Azores, wote akiwapokea uwanja wa ndege mwenyewe na kuwapeleka kwanza kwa mama Margit wakale kuku wa paprika, pilipili nyekundu ya kwetu, kwani aliogopa wakianza na chakula cha hotelini watageuza safari.

Mwanzoni mwa 1975 Bwana Hutchens alisoma gazetini kwamba timu moja ya Hungaria itakwenda Vienna kwa mechi za kirafiki, na kwamba ina mshambuliaji hatari, akamwambia Mzee Feri aende amlete. Mzee Feri alikuwa ameapa kutoukaribia tena mpaka ule, lakini kibarua ni kibarua, akaenda. Habari zilikwisha kumfikia mshambuliaji huyo kwa siri kupitia binamu wa Mzee Feri aliyeishi Vienna, akakubali kutoroka, ikabaki barua tu ya kumwambia saa na mahali.

Sasa nyinyi wa Mtaa wa Consaul mnajua, ila nawaambia wageni, kwamba sisi kwetu jina la ukoo hutangulia na jina la mtu hufuata, na mshambuliaji yule aliitwa László Imre, László wa ukoo, Imre wa kubatizwa. Mzee Feri alikuwa amemfundisha karani wa klabu, Bi Doris, kwamba kila jina la Mhungaria lazima ligeuzwe ndipo lifae kwenye karatasi za Marekani, naye Bi Doris akaligeuza vizuri kabisa, lakini Mzee Feri, kwa woga wa kukosea, hakuuliza, akaligeuza tena, kwenye kibali na kwenye bahasha ya barua, na jina lililogeuzwa mara mbili likarudi lilivyokuwa nyumbani, ambalo kwa kusoma kwa Kimarekani ni jina la mtu mwingine, László wa kubatizwa, Imre wa ukoo. Mtu huyo alikuwepo. Alisafiri na timu hiyohiyo, alikuwa fundi viatu na mbeba mipira, kijana wa miaka ishirini na minne, na mpokezi wa hoteli, aliyesoma bahasha kama inavyosomwa Vienna, akampa barua yeye. Naomba nimwite fundi tu kwa sasa, mpaka tutakapofika mahali pake.

Jumamosi tarehe 15 Machi 1975, saa nne na nusu asubuhi, Mzee Feri alikuwa ameketi kwenye benchi katika kituo cha treni cha magharibi, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, mpaka aliouvuka akiwa na mtoto aliyelala ukiwa mwendo wa saa moja tu kutoka hapo, na kila aliyepita na koti refu alimwona askari kanzu, ndipo kijana akaja, amebeba mkoba wa ngozi.

"Wewe ndiye László?" akamwuliza.

"Ndiye mimi," fundi akajibu, naye hakudanganya.

Mzee Feri aliusikia mkoba ukilia vyuma, akanusa gundi, akaviona vidole vilivyochomwachomwa na sindano, akamwuliza taratibu anacheza namba ngapi.

"Sichezi, mzee. Nashona viatu vya wanaocheza."

Marehemu aliniambia kwamba hapo aliitazama saa ya kituo, kwa sababu basi la timu lilikuwa linaondoka saa sita mchana na muda wa kumrudisha kijana bado ulikuwepo, lakini fundi alikuwa ameacha juu ya kitanda barua ya kumuaga mama yake, na mlinzi wa timu alikuwa na desturi ya kukagua vyumba saa nne. Kumrudisha kulikuwa kumpeleka jela kwa mkono wake. Simu ya kumwita mshambuliaji wa kweli ilikuwa hatua kumi kutoka kwenye benchi, hakuinuka kuipiga, aliogopa, na hilo aliniagiza nilisome leo kama lilivyo. Alichofanya ni kumshika fundi mkono na kumwambia, "Basi kuanzia sasa wewe ni mshambuliaji, hujui hata sindano inashikwa upande gani." Karatasi zilikuwa ubalozini, zimebakiza kubandikwa picha, ikabandikwa picha ya fundi.

Kocha Oldroyd aliujua ukweli kabla ya kipyenga cha pili cha mazoezi ya kwanza, akamwita Mzee Feri pembeni, akamwambia kwamba kijana yule anaupiga mpira kama mtu anayefukuza kuku jikoni, ila viatu vya timu nzima vimeshonwa upya tangu jana na havijawahi kuwa hivi, kisha, bila kuulizwa, akaandika kwenye daftari lake kwamba Imre, yaani fundi, ameumia goti. Goti hilo lilifungwa bandeji msimu mzima. Bwana Hutchens alilitangaza redioni, akina mama wa parokia wakaliombea, na mashabiki waliokuwa hawajamwona mtu huyo akicheza walisema angekuwa mzima tungechukua kombe.

Alhamisi tarehe 12 Juni 1975, mchana, ofisa wa uhamiaji alifika mazoezini na jalada lake, akataka kuona kila mgeni akifanya kazi iliyoandikwa kwenye kibali chake, akawaona wa Trinidad, akamwona golikipa, kisha akamwita Imre na kumwambia apige mpira langoni. Mzee Feri, ambaye alikuwa amesaini kibali kile kwa mkono wake mwenyewe, alijiona kizimbani, akamwona mkewe na wanawe wakirudishwa kwenye ukungu ule, na kijana akawa amekwisha uweka mpira chini, mguu nyuma, tayari kuonyesha dunia nzima kwamba hajui.

"Goti vipi?" Mzee Feri alimwuliza kwa Kihungaria, na sauti ilimtoka kama ya kuuliza habari za mgonjwa.

Fundi alimtazama, akauacha mpira, akaketi kwenye nyasi. "Bado linauma," akajibu kwa Kiingereza, ili ofisa asikie.

Ofisa aliandika mstari mmoja, akafunga jalada, akasema atarudi siku nyingine. Hakurudi, lakini hakusema ni siku gani, na kwa mtu kama baba yetu hilo lilikuwa baya kuliko angerudi kesho yake. Tangu mchana ule, kila siku ya Mungu, mezani, kanisani, dukani, marehemu aliuliza, "Goti vipi?" na maana yake ilikuwa, je, yuko aliyekuja kuuliza, na jibu lilikuwa, "Bado linauma," na maana yake ilikuwa, hakuna, tuko salama leo.

Oktoba 1975 klabu ilivunjika, Bwana Hutchens akarudi kwenye magodoro yake, wageni wakapewa hadi tarehe 31 Januari wawe wameondoka nchini, na tarehe 10 Januari 1976, katika kanisa hili la Mtakatifu Stefano, Ilona Bodnár aliolewa na László Imre, yaani mimi ninayewasomea. Najua yaliyosemwa kwenye ngazi za kanisa siku ile, kwamba nimeoa karatasi, lakini tangu Mei nilikuwa nimemshonea Ilona jozi nne za viatu ambavyo havikuwa vimechanika, yeye mwenyewe alikuwa akivikata nyuzi, na mama Margit alijua. Mwezi uliofuata baba mkwe wangu alisimama mbele ya ofisa wa uhamiaji mjini Detroit kwa ajili ya ombi langu la ukaazi, akainua mkono, akaapa kwa Mungu kwamba mimi ni mshambuliaji, na toka siku hiyo hakufungua bahasha ya serikali yenye mhuri wa tai, alikwenda kukaa gereji mpaka mama Margit aisome na kumwambia ni kodi tu. Nilipata uraia mwaka 1982, akaogopa zaidi, akasema sasa wana cha kuninyang'anya.

Mwaka 1991, nchi yetu ikiwa imefunguka, alimwandikia barua yule László Imre mwingine, akamweleza yote, na jibu lilikuja baada ya miezi minne, ukurasa mmoja, likisema kwamba asubuhi ile alikaa ukumbini mwa hoteli amevaa koti, anasubiri bahasha, mpaka basi likapiga honi, kwamba nyumbani walimhoji siku tatu kwa kuwa na jina linalofanana na la mtoro, kwamba hakuchezeshwa mwaka mzima, na kwamba hana la kusamehe kwa sababu hajui angekuwa nani. Mzee Feri aliisoma mara moja, akanipa nitunze, na kuanzia hapo nikawa nalipa kwa kuwa mtu mzuri, kwani nakaa kwenye kiti cha mtu.

Afya ya marehemu ilidhoofu baada ya kumzika mama Margit tarehe 2 Februari 1998, moyo ukaanza kusumbua mwaka 2001, na Septemba mwaka huu 2003 madaktari wakasema umechoka. Ijumaa tarehe 14 Novemba, saa tisa alasiri, nikiwa peke yangu naye, muuguzi aliingia na karatasi kwenye ubao wake wa kuandikia, binti mpole kabisa, na baba akaiona karatasi, macho yakamtoka, akanishika mkono kwa nguvu nisizojua alizitoa wapi, akaniuliza, "Goti vipi?"

Nikamjibu, "Bado linauma."

Yalikuwa mazoea ya miaka ishirini na minane, mdomo ulijibu kabla yangu. Aliitikia kwa kichwa, akafumba macho, na saa tisa na dakika ishirini akakata roho, mkono wake bado umeushika wangu, umeushika kama mtu anayemficha mtu. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano na kitukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa binti yule ambaye hakuwa na kosa, inawashukuru majirani mliolisha nyumba yetu tangu Ijumaa, wafanyakazi wenzake wa tanuri namba mbili, na wachezaji wa Lanterns, mlioijua siri hii wote, kama nilivyogundua jana nilipowapigia simu mmoja mmoja, na mkanyamaza maisha yenu yote bila kuambiwa mnyamaze. Kama ofisa yule yu hai na anataka kuuliza, nakaa Mtaa wa Consaul, duka la viatu, mlango wa kijani.

Baba, nilikujibu vibaya Ijumaa, naomba nijibu tena mbele ya hawa wote. Goti limepona. Halikuwahi kuuma hata siku moja. Hakuna anayekuja. Uachie mkono wangu sasa, upumzike kwa amani uliyotupa sisi ukakosa mwenyewe.