Futa Nikiona: Maisha ya Ishmael Buya Komora

Siku ya Jumatano tarehe 12 Machi 2025, studio ya marehemu mjini Garsen ilipofunguliwa kwa mara ya kwanza tangu atutoke, waliokuwepo ni mjane wake Loise, mwanawe Dhadho, mzee wa mtaa Bwana Ziro, jirani yetu Kadii mwenye duka la kutoa nakala, ambaye ndiye aliyeiwasha kompyuta, pamoja na Bwana Abdulhakim na mkewe Zamzam, ambaye wengi tunamwita Mama Nassir. Hakuna aliyetangulia kuingia, wote waliingia pamoja, kwa kuwa marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza hivyo, na sababu ya agizo hilo imo katika maisha yake.

Marehemu Ishmael Buya Komora alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 katika kijiji cha Kulesa, mtoto wa tatu wa wakulima wa mpunga na ndizi kando ya mto, akasoma shule ya msingi kijijini hadi darasa la saba mwaka 1983, na karo ya sekondari ilipokosekana akaenda Malindi kwa mjomba wake, akafundishwa kazi ya picha, kuanzia kushika kamera hadi kuosha filamu gizani.

Mwaka 1991 alifungua studio hapa Garsen, na tangu mwanzo alikuwa na desturi iliyowachekesha wapiga picha wenzake, kwamba mteja akipewa picha alipewa na negativu yake, ule ukanda mweusi wa filamu ambao picha huoshwa kutoka kwake, maana wazee wa wakati ule walisema sura ya mtu haifai kulala nyumba ya mwingine. Wenzake walimwambia anatupa riziki yake, mteja akiwa na negativu ataosha kwingine, naye akawajibu kwamba mtu asiye na wasiwasi nawe hurudi.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Loise kanisani Kulesa, wakajaliwa watoto wawili, Dhadho aliyezaliwa mwaka 1994 na Rahabu aliyezaliwa mwaka 1999, na wajukuu watatu, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kumkuta babu yao akila kabla hajauliza kama wao wamekula.

Mwaka 2010 maabara ya Malindi iliyokuwa ikimwoshea filamu za rangi iliacha kazi hiyo, filamu zenyewe zikaadimika madukani, marehemu akakodisha shamba lake la ndizi ili anunue kamera ya dijitali na kompyuta. Shamba lilirudi baada ya misimu kadhaa, lakini imani ya watu ilichelewa. Waliuliza negativu iko wapi, akawaonyesha kadi ndogo kama ukucha, wakatazamana. Baada ya vurugu za mwaka 2012 kati ya wakulima na wafugaji, jirani alianza kumwogopa jirani, ikanong'onwa sokoni kwamba nyuso zilizomo ndani ya ile kadi zinapelekwa mahali, na wateja wakapungua hadi kiti cha studio kikashika vumbi.

Basi marehemu akatafuta njia, akawa akishachapisha picha huigeuza kamera upande wa mteja na kuifuta mbele ya macho yake, kadi ikabaki tupu. Watu wakarudi. Wengine walisema "futa nikiona" hata kabla ya kuketi, na vijana wa stendi wakampa jina la Buya Futa, wakimtania kwamba siku akimpiga mkewe picha ya kitambulisho atafuta na mke, naye alicheka nao.

Mnamo Januari 2014 Bwana Abdulhakim alimleta mwanawe Nassir, aliyekuwa anaanza shule, apigwe picha na sare yake mpya, na Bwana Abdulhakim mwenyewe akasema futa nikiona, ikafutwa. Nassir alifariki kwa homa tarehe 3 Juni 2016, na mafuriko ya Mei 2018 yalipoibeba nyumba yao yaliibeba na ile picha ukutani, nayo ilikuwa ya pekee. Mama Nassir alikuja studio kuomba nyingine, akaambiwa haipo, hakuamini, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba kompyuta haisahau kitu, na pia kwa sababu ya yale ya mwaka 2012, maana watu wake ni wafugaji, akamwambia mbele ya wateja, "Buya, kama mimi nimekukosea niambie, lakini mtoto hajakukosea."

Tangu siku hiyo alipita mbele ya studio bila salamu, lakini maziwa aliyokuwa akimpelekea Loise kila asubuhi hayakukatika, na Christabel mke wa Dhadho alipojifungua, chupa ikawa kubwa zaidi bila mtu kuomba.

Wakati huohuo Loise naye aliingiwa na shaka yake, maana mumewe alianza kwenda Malindi, na hata Mombasa, pasipo kusema anakwenda kwa nani, akirudi mnyonge, hata Loise akaamini ana nyumba nyingine huko. Alipopekua koti alikuta kadi ya kamera imefungwa ndani ya leso safi, na ndipo marehemu alipomweleza kwamba huipeleka kwa mafundi wajaribu kumrudisha yule mtoto, na kila fundi humwambia kwamba picha nyingi zimekwisha kuwekwa pale alipokuwa. Loise akamwuliza mbona Mama Nassir hamwambii, akajibu, nikimwambia natafuta, atadhani bado ipo.

Mnamo Julai 2023 marehemu alianza kuugua figo, akatibiwa Malindi, na siku ya Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, alifariki Loise akiwa amemshika mkono, baada ya kuagiza kwamba mtu yeyote asitangulie kuingia studio, na asizikwe kabla Mama Nassir hajaingia pamoja nao akajionea.

Kadii alifungua kila kilichokuwemo. Mama Nassir alikuwa amefunga Ramadhani, akakataa kiti, akasimama nyuma ya bega la Kadii mpaka adhuhuri. Hapakuwa na sura ya mtu yeyote, hata ya marehemu mwenyewe, na ndiyo maana picha iliyo mbele ya jeneza ni ya kijana wa mwaka 1993, imeoshwa kutoka negativu ambayo mama yake Loise aliitunza ndani ya kopo la kakao. Mama Nassir hakusema kama ameamini. Aliuliza tu kama kadi ile ndiyo yenyewe, Loise akamwekea kiganjani, naye akaifunga kwenye pindo la mtandio wake, huku Bwana Abdulhakim akitazama sakafu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, dereva Tsuma aliyempeleka kwenye matibabu hata barabara ilipokuwa na maji, wapiga picha wenzake wa Garsen na Tarasaa, Kadii, na majirani wote waliokesha nasi, wa kanisani na wa msikitini.

Pumzika, Baba Dhadho, kwa amani ile uliyomtakia kila aliyeketi kitini pako.

Kadi bado iko kwa Mama Nassir, na leo asubuhi maziwa yameletwa.