Mama Kona Aliyekataa Kutia Sahihi

Tarehe 30 Juni, saa kumi na nusu jioni, mpimaji wetu mkuu wa matairi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja na kona zisizopungua laki mbili. Jina lake halisi liko kwenye faili. Sisi tunamwita Mama Kona, na siku hizi hata mumewe anamwita hivyo akiwa na shida.

Alianza kama mfagiaji wa karakana. Siku moja dereva wa majaribio aliumwa tumbo, yeye akaombwa asogeze gari lisinyeshewe. Alilisogeza kilomita kumi na nne. Aliporudi alitaja tairi lenye upepo pungufu, likapimwa, likawa ndilo. Ufagio hakuushika tena.

Utaalamu wake ni vile vigari vidogo vya milango mitano, vyenye injini ya hasira, vinavyovutwa na magurudumu ya mbele. Mimi nimeizunguka dunia, nimepanda magari ya mabalozi na ya majambazi, lakini sijaona mtu akikata kona kama yeye. Somo lake ni fupi: shika breki gari likiwa bado limenyooka, ingia polepole, tazama unakoelekea wala si unakoogopa, kisha ongeza mafuta kadiri unavyonyoosha usukani. Pua ikikataa kugeuka, punguza mafuta. Kuzidisha usukani ni kubishana na mbuzi.

Somo hilo liliingia mpaka ofisini. Mhudumu wa chai hupunguza mwendo kabla ya mlango wa stoo, na karani aliyepitiliza kona ya korido akaishia mapajani mwa mkaguzi alirudishwa mafunzoni wiki nzima. Nyumbani, Mama alitupa kandambili za mumewe kwa sababu ya kushoto ilikuwa na kashata, yale meno ya soli, na ya kulia kipara.

Mwezi huu alijaribiwa. Meneja wetu mpya aliamua vigari vyote vitoke na matairi mapya mbele, makuukuu nyuma. Hoja yake: mbele ndiko kunakofanya kazi, nyuma kunafuata tu. Fomu ilitaka sahihi ya Mama Kona, naye akagoma. Akaeleza kwamba mbele kukishika na nyuma kukateleza, kwenye kona yenye maji mkia utataka kutangulia. Meneja akampa mpaka Jumatano: asaini, au aondoke siku hiyo hiyo bila kuagwa. Miaka yote hiyo hajawahi kuweka jina lake chini ya tairi asiloliamini, na zilibaki siku tisa astaafu. Tulimsihi asaini tu apumzike. Akatusikiliza hadi mwisho, akatuambia twende tukanywe chai.

Jumatano mvua ikanyesha. Meneja akatangaza ataendesha mwenyewe kigari chenye mapya mbele, tuone. Mama Kona akaketi pembeni yake, mkanda kiunoni, pochi mapajani. Kwenye kona ya dobi, meneja aliingia kwa kasi, akashtuka, akaondoa mguu kwenye mafuta kwa mpigo. Mkia ukatangulia. Gari lilizunguka mara mbili, likapita kwenye kamba za nguo, likavishwa shuka tatu na suruali ya mpishi, likarudi kinyumenyume uani na kusimama katikati kabisa ya maegesho ya meneja. Halikuwa na mkwaruzo. Tulipiga makofi, tukidhani ndilo onyesho lenyewe.

Dakika nne hakuna aliyeshuka. Kisha kupitia dirishani tukamsikia Mama Kona: "Sasa tukabadilishe ya nyuma, mwanangu."

Meneja alishuka, akaleta jeki mwenyewe, akapiga magoti kwenye maji. Fomu ya zamani aliichana. Mpya inasema matairi manne, aina moja, umri mmoja. Mama aliisoma mara mbili, akasaini.

Mama yetu, tunakuombea afya, usingizi mnono na barabara kavu. Na asante kwa niaba ya maelfu ya watu usiowajua, waliofika kwao salama wakadhani wanajua kuendesha.