Chuma cha Bubu

Benchi la Vigarolo limeegemea ukuta wa baa ya Ersilia, likitazama mfereji. Zamani Vigarolo ilikuwa kijiji cha mpunga na ng'ombe. Siku hizi ni kituo cha basi tu, na maghorofa ya Milano yameizunguka kama watu waliokusanyika kutazama ajali. Asubuhi hiyo ya mwezi wa tano Ovidio aliinuka kwa mara ya tano kwenda kuchungulia mferejini. Hamkuwa na tone. Kando ya mfereji huo bado alikuwa na mistari kumi na miwili ya maharage, shamba la mwisho la Vigarolo, na majani yalikwisha kuanza kujikunja. Tena kesho, barua ya manispaa ilisema, mhandisi angekuja kukagua: mfereji wenye maji ungeachwa, mkavu ungefunikwa zege kuwa maegesho ya magari, maharage na yote.

— Kaa chini, Ovidio, unatutia kizunguzungu, — alisema Redio, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakijawahi kupatikana kitufe cha kumzima. — Maji hayaji kwa kuchunguliwa.

— Hata kwa kukaliwa hayaji.

— Mimi nawaambia, wameyanywa wale wachimba reli ya chini ya ardhi. Wametoboa, yote yamezama handakini. Ndiyo maana treni zinachelewa. Zinaogelea!

— Treni gani, bwana? Reli yenyewe haijafika huku. — Huyo alikuwa Wakili, dereva wa trekta mstaafu aliyewahi kushinda kesi moja maishani, ya kuku. — Wezi ni hao wa maghorofani. Kila bafu linavuta kidogo, kila bafu linavuta kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mabafu yanatumia maji ya bomba, Wakili, — alisema Redio.

— Ndivyo wanavyotaka uamini!

Ersilia alileta kahawa zenye tone la grapa, ile pombe kali ya zabibu. Alileta vikombe vinne, akasita, akakirudisha kimoja ndani. Tangu Gaudenzio azikwe mwezi wa pili, mkono wake ulikuwa bado haujajifunza kuhesabu. Gaudenzio walimwita Bubu, kwa kuwa kwa siku alisema maneno matatu, na mawili ni "asante" na "kwaherini." Nafasi yake katikati ya benchi hakuna aliyeikalia.

— Waswisi, — Redio akaanza upya. — Wamelifunga ziwa huko juu. Wanagandisha, wanauza barafu kwa Waarabu.

— Setilaiti, — akasema Wakili. — Inavuta maji kama mwezi unavyovuta bahari. Nimesoma.

— Umesoma wapi?

— Kikulacho ki nguoni mwako!

— Hiyo inahusu nini sasa?

— Inahusu! We fikiria tu.

Ovidio hakucheka. Miaka yote aliamka asubuhi moja ya mwezi wa nne akasikia mfereji unaongea, akaenda zake shambani. Hakuuliza, kama mtu asivyomuuliza jogoo.

Basi likasimama, akashuka Milagros, muuguzi anayemtunza bibi mmoja katika ghorofa jipya. Alikuwa na miezi miwili hapo.

— Samahani wazee wangu, hapa kati pana mtu?

Walitazamana.

— Kaa, mwanangu, — alisema Ovidio.

— Mnazungumzia maji? Kwetu Peru, milimani, maji yana zamu. Mtu akisahau zamu yake, shamba la jirani linakufa. Hapa lango anafungua nani?

— Lango gani? — akauliza Wakili.

— La maji.

— Ya Vigarolo huja yenyewe, binti, — Redio akamfariji. — Tangu enzi za babu.

— Hakuna maji yanayokuja yenyewe, mzee.

Mlangoni Ersilia alikuwa ameacha kufuta sinia. Aliingia ndani, akarudi na chuma kirefu kama mkono, mdomo wake wa pembe nne, mpini umelainika kwa kushikwa.

— Hiki ni cha Bubu. Binti yake alikileta baada ya mazishi, akasema ni cha wote. Mimi nikakifanya cha kuzuia mlango.

Ovidio alikipokea. Ndipo alipoikumbuka ile suruali. Kila mwaka, toka mwezi wa nne mpaka mavuno, Bubu alifika benchini imemlowa hadi magotini, nao wakamkaribisha kwa wimbo uleule: "Bubu, umejikojolea tena?" Naye akatabasamu, akanywa kahawa yake. Miaka ishirini.

Redio akavua kofia.

— Huo ndio ufunguo wa lango. Sasa lango lenyewe liko wapi? — aliuliza Milagros.

Wakili alinyoosha kidole upande wa makaburi. Redio akanyoosha chake kwenye supamaketi. Kila mmoja akakitazama kidole cha mwenzake, akakisogeza kidogo, kisha vyote viwili vikashuka.

Ovidio alikaa ukingoni mwa mfereji, akashusha mguu mmoja, halafu wa pili, chuma kikiwa kwapani.

— We mzee, unakwenda wapi na magoti hayo? — akaita Ersilia.

— Unakotoka mfereji.

— Kahawa yako itapoa!

— Yamwagie maharage.

Akaanza kutembea kuelekea juu, kati ya kingo mbili, maghorofa yakimchungulia. Nyuma yake alimsikia Redio akilalamika kwamba suruali yake ni ya kuendea kanisani, kisha akasikia buti lake likitua kwenye matope yaliyokauka.