Mvua Mliyosema Niliileta kwa Kufunga

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu! Mimi ni Mwende, mzaliwa wa hapa Tulia. Mnanijua. Mlikuwa mkinishika mikono.

Niliacha kula nikiwa chuoni, kwa hofu ya kunenepa. Niliporudi nyumbani nilisema nimefunga, na hakuna aliyeuliza zaidi. Mvua ilipochelewa, mkaniomba nifunge kwa ajili ya mashamba. Siku ya sita ikanyesha! Tangu hapo mlipanga foleni baada ya ibada kunishika mikono, mkisema ni baridi kama ya malaika.

Ilikuwa baridi kweli. Nilivaa sweta juani. Mbwa wetu, niliyemlea mwenyewe, alianza kuningurumia.

Kisha nikaanza kusikia sauti. Ilikuwa sauti yangu, lakini ilitoka nyuma yangu: "Ukila, mvua itakatika." Nikigeuka, hapana mtu.

Kaka yangu Musyoka alinitania, "Wewe Mwende, hata panya wa kanisa wanakushinda kula!" Nilicheka, huku nikificha mfukoni muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa niliyopakuliwa.

Jumapili moja nilianguka katikati ya sifa. Mkasema nimeshukiwa na Roho. Mkanizunguka, mkaimba. Niliwasikia kwa mbali, kama aliye chini ya udongo anavyosikia mazishi yake. Moyo ulipiga, ukanyamaza, ukapiga tena. Hakuna aliyeniinua, mpaka mama alipowasukuma kando.

"Huyu hajajazwa Roho! Huyu ana njaa!"

Hospitalini daktari alisema ni ugonjwa wa kujinyima chakula, na moyo umedhoofika. Walinilisha kidogo kidogo wakipima damu, maana chakula kingi ghafla kingeniua. Mtaalamu wa lishe alinipangia milo. Mshauri alinisikiliza wiki baada ya wiki, kisha akaita familia yote: msimkemee, msiuzungumzie mwili wake, kaeni naye anapokula na baada ya kula. Baba, ambaye alikuwa akila peke yake sebuleni, alileta kiti chake kando yangu.

Nilianza kula nyumbani, na mvua ikakatika! Mahindi yakajikunja. Wanawake wawili wa kanisa wakaja kumwomba mama aniruhusu nifunge siku tatu tu. Nyuma yangu sauti ikasema, "Unaona?"

Mama akawajibu, "Acheni yakauke. Nitapanda tena. Mwende mwingine nitapanda wapi?" Akanigeukia. "Kula, mwanangu."

Nikala.

Ndugu zangu, sitawadanganya: mahindi yalikauka yote, na mwaka ule tulinunua unga. Lakini mimi niko hai! Ile sauti bado huja siku moja moja. Ikija namwambia Musyoka, naye huvuta kiti, na kliniki bado nakwenda.

Namshukuru Mungu kwa mama yangu na kwa wale madaktari. Wewe mwenye mtoto anayesifiwa kwa kutokula, usiogope. Mtegemee Bwana, mpeleke hospitali, na uketi naye mezani. Mungu wetu hauzi mvua kwa njaa ya mtoto. Amina!