Kitovu cha Mwana wa Watu Kilichonirudishia Mwanangu

Sifa zote ni za Mola aliyeniumba na ngozi hii, akanitahini kwayo kwa hikima yake, akanipa afueni kwa rehema zake! Ndugu zangu, assalaam alaykum!

Itikieni kwa sauti jamani, leo hamjafunga.

Wengi humu mnanijua. Msionijua, mimi ni Raya, binti wa Bi Time, wa hapa hapa Wawi, mke wa Hamad fundi baiskeli. Mwalimu wetu wa darsa la wanawake amenitaka nisimame niwaeleze niliyomsimulia yeye siku moja tukimenya muhogo. Nikamwambia mie si msemaji. Akanijibu, "Weye Raya si msemaji? Mtaa mzima washuhudia!" Basi nimekuja, na nikizidisha chumvi mnikanye.

Ndugu zangu, mimi nimezaliwa na pumu ya ngozi, huo ugonjwa ambao wengine huuita ukurutu. Utotoni ulikuwa kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Nilipokuwa mtu mzima ukahamia mikononi. Vidole vilikuwa vikipasuka kwenye viungo, vikitoka maji, vikikauka, halafu vikipasuka tena pale pale. Na muwasho! Aliyeguswa na upupu amejua kidogo tu. Msimu wa karafuu mnapokaa kwenye majamvi kuchambua, mie nikichambua pishi moja vidole vinawaka moto, nainuka naondoka, na nyuma nasikia, "Raya mvivu." Mvivu! Subhanallah!

Na nyinyi, ndugu zangu, nawasema kwa mapenzi kwa sababu nimeshawasamehe, mlikuwa mkinitenga. Kwenye hitima watu wanne sinia moja, Raya na kisahani chake pembeni. "Mpeni Raya kisahani, hapendi kubanana." Nani aliwaambia sipendi kubanana? Mwengine akasema nimerogwa. Mwengine akasema ni ukoma. Pumu ya ngozi haiambukizi, ndugu zangu! Ningekula nanyi sinia moja mwaka mzima asingeipata hata mmoja wenu.

Hospitali walinipa marhamu, na nisiwe mwizi wa fadhila, yalinisaidia. Lakini nilikuwa mwepesi wa kuacha. Ngozi ikilainika tu najihesabu mzima, dawa naisukuma mvunguni, na baada ya wiki mbili naitafuta tena nalia.

Sasa nifike kwenye lililonileta hapa. Baada ya miaka sita ya ndoa Mola alituruzuku mtoto mmoja, Zuwena. Alipokuwa na miaka miwili nilifanya kosa ambalo nadhani ni la Mpemba tu. Sisi mafuta ya makonyo, yale yanayopikwa kutokana na vikonyo vya karafuu, tunayaona ni dawa ya kila kitu. Jino, makonyo. Mgongo, makonyo. Ukigombana na mume wako, pengine nayo yanafaa. Basi siku moja mikono ilikuwa imenichosha, nikasema muwasho mkali dawa yake ukali. Hakuna aliyenishauri, ni akili yangu mwenyewe. Nikachukua chupa, nikajipaka mikono yote miwili.

Ndugu zangu, niliona cha mtema kuni! Lakini baada ya kuunguza, mikono ikafa ganzi na muwasho ukanyamaza. Nikafurahi, masikini. Nikanawa kwa maji na sabuni, nikaona nimeshasafika, nikamchukua mwanangu kumkosha. Mafuta yale hayatoki kwa maji kirahisi. Nilimpitisha mikono kifuani, nikampitisha usoni, nikamfuta macho. Kilio alichokitoa Zuwena hadi leo nakisikia. Kifua kilikuwa chekundu, macho hayafunguki. Tulimkimbiza hospitali, wakamkosha macho kwa maji mengi, na alhamdulillahi macho yalipona na kifua kikapona.

Hofu haikupona. Tangu siku hiyo mtoto akawa hataki nimguse. Nikimnyooshea mkono anamkimbilia bibi yake, mama yangu, anajifunika kwenye kanga yake. "Mama anaunguza." Miaka mitatu, ndugu zangu! Miaka mitatu mwanangu wa pekee anakoshwa na bibi yake, anasukwa na bibi yake, analala kwa bibi yake. Nikimpa tunda naliweka chini, naondoka, ndipo analiokota. Muwasho nilishauzoea tangu utoto, lakini hili lilinishinda. Nilikuwa nikisujudu nashindwa hata kuomba, nasema tu, "Mola wangu, mwanangu. Mola wangu, mwanangu."

Kaka yangu Khalfan yuko Maskati, ni dereva wa hospitali moja kule. Akanipigia simu kwamba madaktari wanatafuta watu wenye pumu ya ngozi ya muda mrefu, iliyoshindikana, wawajaribie tiba mpya. Hospitali inagharamia, kwani ni utafiti. Tiba yenyewe ni seli shina. Nami nawaeleza kama nilivyoelezwa: ni vijichembe hai ambavyo mwili huanzia navyo, vichanga, bado havijawa damu wala mfupa wala nyama. Nikamuuliza vinatoka wapi. Akasema vinatoka kwenye kitovu cha mtoto anapozaliwa, ule mrija unaomuunga na mama yake.

Nilifurahi mpaka nikamwambia mama. Weee! Mama yangu mnamjua. Kila mtoto wa ukoo wetu kitovu chake amekizika yeye kwa mkono wake, na juu yake amepanda mnazi. Alikaa chini.

"Kitovu cha mwana wa watu utiliwe weye mwilini? Si utakuwa nduguye?"

Nikamwambia, "Mama, hino ni dawa."

"Dawa! Mtu akinyonya ziwa la mama mwengine washakuwa ndugu, wala hawaoani. Seuze kitovu! Kesho mwana yule kaja Pemba kumposa Zuwena, kumbe ni mjombawe. Mie dhambi hino sibebi."

Msicheke, ndugu zangu. Nyinyi mnacheka leo, siku ile hata mimi aliniingiza hofu. Hamad naye akasema tusiende kwenye haramu kwa sababu ya ngozi. Mlango umefunguliwa na umefungwa siku hiyo hiyo. Zuwena alikuwa uani anacheza, namwona, na sithubutu kumwita.

Tukaenda kwa Shehe Makame, mama mbele mimi nyuma. Mama alieleza kesi yake yote bila kupumua. Shehe akasikiliza hadi mwisho, akaomba siku chache aulize na wenziwe. Tuliporudi akasema, "Bi Time, kunyonya kuna masharti yake. Ni maziwa, tena kwa mtoto ambaye hajapita miaka miwili. Huyu Raya wako ana mingapi?"

Mama akasema, "Thalathini na nne."

"Basi keshapita umri wa kunyonya. Mie naliona jambo hilo kama kutiwa damu hospitali, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi. Lakini ulizeni neno moja: mama wa yule mwana aliombwa, na akaridhia?"

Mama hakunipa mimi niulize. Alimpigia Khalfan mwenyewe, simu ameishika kwa mikono miwili. Khalfan akaenda kwa daktari akarudi na jibu: kila mama anaulizwa, anaeleweshwa, anatia saini kwa hiari yake, na asipotoa, kile kitovu hutupwa pamoja na taka za hospitali.

"Hutupwa?" mama akapiga ukelele. "Kitovu cha mwana hutupwa?" Akanigeukia. "Nenda, mwanangu. Bora ukitie mwilini mwako weye, angalau kitakuwa kimepata pa kukaa."

Hivyo ndivyo nilivyopata ruhusa! Allahu akbar!

Maskati nilipokewa na daktari mwanamke, mpole, na Khalfan akinifasiria. Ndugu zangu, nataka msikie alivyoniambia, kwa sababu wako watu watakuja kuwaambia vingine. Alisema, "Siwezi kukuahidi kupona. Tiba hii bado inapimwa. Wako waliopata nafuu na wako ambao hawakupata, na hata anayepata hatujui nafuu itadumu kwa muda gani. Seli hizi hazikupi ngozi mpya. Tunachotaraji ni ziutulize mwili wako, kwani mwili wako unapigana na ngozi yake wenyewe." Akaniambia yanayoweza kunidhuru, moja moja. Akasema nikitaka kuacha hata katikati, niache, hakuna atakayenilaumu.

Nikatia saini. Nikapiga bismillahi, nikatoa mkono wangu uliopasuka, wakanitundikia kichupa. Maji yenyewe hayana hata rangi! Nilikuwa natazama tone moja moja linashuka, naona haya kwa mama nisiyemjua aliyezaa kwa uchungu akanikumbuka mimi asiyenijua.

Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu. Nikasema basi, mimi ndiye wa fungu la wasiopata. Kitanda cha jirani alikuwapo mama mmoja mtu mzima, na yeye mpaka naondoka hakupata nafuu, namwombea kila siku. Mimi, baada ya mwezi na siku kadhaa, niliamka asubuhi nikatia udhu, na maji hayakuniuma. Nikatia tena. Hayakuniuma! Nilitia udhu mara tatu, Khalfan akafikiri nimechanganyikiwa. Polepole mipasuko ikafunga, wekundu ukaondoka, na nilipopanda ndege kurudi vidole vyangu vilikuwa vinakunjika vyote.

Nadhani mnangoja niseme kwamba Zuwena alinikimbilia uwanja wa ndege. Hakunikimbilia. Alisimama nyuma ya bibi yake, akanitazama, akarudi akajificha. Mtoto hajui seli shina. Anajua mikono iliyomuunguza. Nililia garini, Hamad akanishika mkono hadharani, mtu ambaye hata salamu hunipa kwa mgongo. Nikaamua sitamlazimisha mtoto. Mwezi ukapita, wa pili ukapita.

Asubuhi moja mama alikuwa barazani, mimi jikoni. Nikamsikia Zuwena analia. Alikuwa amechomwa na kijiti cha jamvi kwenye kiganja, kimezama. Mama akajaribu kukitoa kwa sindano, lakini macho ya mama hayaoni tena vitu vidogo. Kila akijaribu anakizamisha. Nilisimama mlangoni, sikusogea. Wallahi nilishika mwimo wa mlango ili nisisogee.

Mama akamwambia, "Mie sikioni, mjukuu wangu. Nenda kwa mamayo."

Zuwena akanitazama. Akatazama kiganja chake. Kisha akaja, hatua moja, akasimama, hatua nyengine, amefumba macho, kiganja amekinyoosha mbele.

"Kitoe, mama. Usiniunguze."

Ndugu zangu! Niliuchukua mkono wa mwanangu kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya mitatu. Nikapokea sindano kwa mama. Nikakitoa kijiti. Alifumbua macho, lakini mkono hakuuondoa. Akavishika vidole vyangu, kimoja baada ya kimoja, anavibonyeza, anavigeuza, kama mtu anayechagua ndizi sokoni. Akasema, "Havikwaruzi." Akaenda zake kucheza.

Akaniacha pale mlangoni nalia kwa sauti, na mama barazani analia, kila mmoja anajifanya hamsikii mwenziwe. Jioni hiyo nilimkosha mwenyewe.

Alhamdulillahi! Alhamdulillahi! Sasa ni mwaka wa pili. Sijapona kabisa, na anayewaambia nimepona kabisa amewadanganya. Kiwiko hiki cha kushoto huwasha msimu wa karafuu, na asubuhi na jioni najipaka mafuta ya hospitali bila kukosa, adabu nimeshashika. Kesho maradhi yakirudi nitasema alhamdulillahi vile vile, kwani nilichokiomba nimepewa.

Nawausia, ndugu zangu. Mwenye maradhi ya ngozi aende hospitali kwanza, tena asiache dawa kwa kuona ngozi imelainika. Mafuta ya makonyo tumieni kwa jino. Na hao wanaotangaza kwenye simu kwamba wanauza seli shina, njoo leo upone kesho, wakimbieni! Daktari wa kweli aliniambia, "Hatujui." Wao wanajua kila kitu. Mtegemeeni Mola, mtafute tiba, muulize wenye elimu, na msione haya kuuliza hata swali la mama yangu.

Namalizia. Humu ndani najua yupo mwenzetu mwenye mikono kama niliyokuwa nayo. Sitamtaja, wala asijifunike zaidi, hakuna anayemtazama. Tukishaomba dua mimi nitatangulia pale mlangoni, na kila anayetoka atanipa mkono, mmoja mmoja, kuanzia Mwalimu. Dada yangu, na wewe upite hapo hapo. Ukiwa umepasuka, nipe. Ukiwa unavuja, nipe. Mimi siuvuti wangu mpaka wewe uuvute wako.