Kona ya Mwisho

Benchi la kijiwe liliegemea ukuta wa gereji, na asubuhi ile Spana, fundi mwenye gereji, aliketi na kikombe chake cha kahawa akijua kabisa kinachomsubiri. Jana mdogo wake wa kike alishindana kwenye mbio za magari. Kona ya mwisho gari likazunguka kama pia, likajibwaga kwenye matairi ya ukingoni, na video ikazunguka simu zote za mtaa. Aliyemshawishi binti aache gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, achukue la kusukumwa na ya nyuma, alikuwa Spana mwenyewe.

— Shikamoo, mwalimu wa kona! alianza Wembe, kinyozi wa jirani.

— Marahaba. Haya, sema.

— Gari la kusukumwa si sawa na mkokoteni? Ukisukuma kwa pupa, mkia unataka kutangulia!

— La kuvutwa je? Magurudumu yaleyale yavute, yaleyale yakate kona. Ukizidisha mafuta huku unapinda usukani, gari halina habari nawe, linajiendea moja kwa moja. La kusukumwa linagawa kazi: ya mbele yanakata kona, ya nyuma yanasukuma. Ila binti alikanyaga mafuta mapema mno.

— Kumbe kosa la mtoto! alidakia Bi Pindo, fundi cherehani. Ungempa linalozungusha yote manne.

— Manne yanaongeza uzito, Bi Pindo.

— Basi matatu.

Wembe nusura amwage kahawa.

— Mimi ningefunga injini juu ya paa, alisema, kila gurudumu lipate haki yake.

— Lipinduke kona ya kwanza!

— Lakini lisingezunguka!

Spana alicheka, akachukua chaki, akainama kuwachorea ile kona sakafuni. Alipoinua macho, mdogo wake alikuwa amesimama mbele yao, mkono mmoja umefungwa bendeji.

— Kaka, nawasikia tangu kule dukani. Magurudumu ya mbele, ya nyuma, mpaka paa. Nani kati yenu ameuliza kama niliumia?

Wembe alichungulia kikombe chake. Bi Pindo alianza kukunjua kanga isiyokuwa na mkunjo. Spana akasogea kumpisha akae.

— Uliumia? aliuliza, kwa sauti ndogo.

— Kiwiko tu.

Binti aliinamia michoro ya chaki.

— Haya, nionyeshe. Mafuta nikanyage wapi?