Nyuma ya Kadi ya Joka

Benchi letu liko mbele ya duka la kadi za mchezo, zile watu wanazokusanya na kuuziana, mtaa wa Osu, kati ya mashine ya kahawa ya kopo na kibanda changu cha viatu. Jumapili ile baridi ilikuwa bado haijatuachia, na hakuna aliyekuwa na raha, sababu ya Murase. Murase ni dobi, sisi tunamwita Jasho. Akiwa darasa la tano aliazima kadi ya joka kwa rafiki yake Shuhei, kwa siku moja tu. Kesho yake wakanuniana kwa jambo la kijinga, na wiki ile ile baba yake Shuhei akahamishwa kazi, familia nzima ikaenda Toyama, mkoa wa mbali. Miaka ishirini na sita imepita. Juzi juzi Shuhei kamtafuta, kamwandikia mstari mmoja: kadi yangu bado unayo? Leo saa tisa anakuja kuichukua. Ilikuwa saa nane na nusu, na Jasho alishakwenda chooni mara tatu.

— Atasema si yenyewe, Jasho alisema. Atasema nimeuza ya kwake nikanunua nyingine.

— Kwa nini aseme hivyo? nikamuuliza.

— Imekuwa safi mno. Nyuma kulikuwa na jina lake kwa wino mweusi, mama yake aliliandika. Jana nimelifuta.

Tukaguna kwa kumsifu. Mama zetu wote waliandika majina kabla ya shule kufunguliwa, kwenye soksi, kwenye kila kalamu ya rangi. Lakini kadi yenye wino mgongoni mwenye duka haigusi hata kwa kijiti. Na Jasho akiona doa hapati usingizi. Pamba, spiriti, masaa mawili, hata kivuli cha wino hakikubaki.

— Umefanya la maana, alisema Profesa. Huyu aliendesha basi miaka thelathini, na hakuna asilolijua. — Kazi yako sasa ni kumthibitishia tu.

— Mwambie ahesabu makucha, akadakia kinyozi wetu, ambaye kwa wimbo huo huo tunamwita Makucha. — Toleo la kwanza, mguu wa kushoto una matatu. Yaliyofuata yana manne. Mchoraji alisahau.

— Hakusahau, Profesa akapinga. Kiwanda kiliishiwa rangi ya fedha.

— Nani kakwambia?

— Abiria.

— Abiria wako walikuwa wanalala, mzee.

— Nisikilize mie, Jasho. Mchoraji hajawahi kuona joka. Alimchora mama mkwe wake akipiga miayo. Ukihesabu meno ni kumi na moja, na yule mama alikuwa nayo kumi na moja.

— Wewe ulimhesabia wapi?

— Alipanda basi langu.

Jasho hakucheka. Alikuwa anaipangusa kadi juu ya plastiki yake, ambayo haikuwa na hata chembe ya vumbi.

— Basi idondoshe, Makucha akasema. Ya kwanza ikidondoka hutua joka likitazama juu. Wino wake mzito.

— Idondoshe uone nitakavyokufanya, alisema Jasho.

— Tulia, kijana, Profesa akasema. Wahenga walinena, mtoto akililia wembe mpe.

— Wembe umeingiaje hapa?

— Wembe, makucha, vyote si vinakata?

Nikamwambia Profesa anywe kahawa yake anyamaze. Jasho aliendelea kupangusa.

— Hamjui, alisema. Asubuhi waliyohama walisimamisha gari mlangoni kwetu. Shuhei akaniita, mama yake akapiga honi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na kadi mkononi. Sikutoka. Nilikuwa nimenuna. Akiniita mwizi leo, nitamjibu nini?

— Treni inaweza kuchelewa, nikasema.

Wote wakanitazama kama mwehu; treni zetu hazichelewi.

Saa tisa kasoro dakika mbili akaja mtu mwembamba, kabeba boksi la sushi ya kwao Toyama. Akainama. Jasho akainama zaidi, akampa kadi kwa mikono miwili, naye akaipokea kwa mikono miwili.

— Hesabu makucha, bwana, Makucha akamhimiza.

Shuhei hakulitazama joka hata kidogo. Aliigeuza kadi. Akaigeuza tena, akarudia upande wa nyuma, akaisogeza kwenye mwanga.

— Ni yako, Jasho alisema haraka. Nakuapia. Angalia mguu wa kushoto.

— Najua ni yangu. Hii kona niliing'ata mwenyewe. Jina liko wapi?

— Nimelifuta. Nilitaka ikurudie safi.

Shuhei akaitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi. Akasema asante kwa kuitunza. Kisha akaketi benchini kwetu bila kukaribishwa. Mama yake alifariki mwezi wa kumi na moja, alisema. Dada yake alisafisha nyumba kwa siku mbili, hata daftari la mapishi likaenda na takataka. Shuhei akakaa akawaza ni wapi pengine mwandiko wa mama umebaki, akaikumbuka hii kadi.

Nilitamani agombe. Hakugomba. Alimgeukia Jasho akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

— Umekaa nayo miaka ishirini na sita. Herufi zake zilikuwaje? Zilisimama, au ziliinama?

Jasho akamtazama Makucha, Makucha akamtazama Profesa, Profesa akachungulia ndani ya kopo lake. Makucha matatu ya joka tulikuwa tunayajua, na meno yake kumi na moja. Kadi ile Jasho alishatuletea hapo benchini mara ngapi sijui, na mimi pia niliishika.

— Ziliinama, alisema Jasho. Halafu akasema: — Sijui.

Shuhei akailaza kadi gotini, joka likiangalia chini, akaendelea kumngoja.